Siri Aliyopewa Mundhir

Bi Mwanapili anasema Mzee Jaribu alianguka. Anasema yeye alikuwapo, kaona kwa macho yake haya mawili. Maskani ya wanaume mwanamke hakai, lakini alikuwa akipita na kapu lake la muhogo, na kapu likamchosha palepale, akalitua. Akamwona kijana mmoja kapanda juu ya benchi, karatasi mkononi, anasoma kwa sauti kama khatibu siku ya Idi. Wanaume kimya. Kahawa inapoa. Mzee Jaribu kakaa pembeni, pahala pake pa siku zote, anatabasamu kama wenziwe, kwa kuwa bado hajajua anasomwa nani. Halafu yule kijana akafika pale karatasi inapotaja makaburi, kikombe kikamponyoka mzee, na mzee mwenyewe akakifuata.

"Pu!" Bi Mwanapili akajipiga kofi la paja. "Kama nazi, mwanangu. Nimeona mie."

Moza hakuinua uso. Alikuwa kakaa uani juu ya jamvi, miguu kainyoosha, rundo la karafuu mbele yake, anachambua: kikonyo huku, karafuu kule. Tangu Jumatano hadithi hii kaisikia mara tatu, na kila mara baba yake huanguka kwa namna mpya. Alikwishazoea kuyapunguza maneno ya jirani yao. Bi Mwanapili akisema mtu kaanguka, basi huyo kakaa. Akisema kalia, basi kapenga kamasi.

"Mbona kanzu yake haikuwa na vumbi, Bi?"

"Aliipangusa."

"Na hiyo karatasi imetoka wapi?"

"Si imetoka blogu!"

"Blogu ndo wapi?"

"Huko huko Arabuni, karibu na Maskati. Ndiko anakopeleka maneno ya watu huyo mchumba wako. Yanasomwa redioni, ati, baada ya taarabu."

Moza akacheka kidogo, cheko la mtu ambaye hakulala siku mbili. Kweli yenyewe aliijua, kwa kuwa Ami Matano, mdogo wake baba, alikuwapo maskani na hana tabia ya kuongeza. Mzee Jaribu hakuanguka. Alisimama, akakiweka kikombe chini bila kukimaliza, akaenda zake bila kuaga. Kwa Mtambile, mji mdogo wa Pemba, hilo lilitosha. Mtu huyo kwa miaka kumi na tano hajaondoka maskani bila kusema "tutaonana yakhe."

Tangu siku hiyo hajamsemesha binti yake. Hakumgombeza wala hakumuuliza. Lau angemgombeza, Moza angeshukuru. Jana usiku mzee alimwambia mkewe, Bi Asya, neno moja tu: "Kesho baada ya Alasiri Matano atakuja kuichukua ile posa airudishe kwao." Halafu akaomba maji ya kunywa, na Moza akayapeleka, na baba yake akayapokea bila kumtazama.

Sasa ilikuwa Ijumaa, na Alasiri ilikwishaadhiniwa. Ndani, juu ya kabati, kimefungwa kitambaa cheupe: pete, doti mbili za kanga, na barua ya posa iliyoandikwa kwa mkono mzuri wa Mundhir mwenyewe.

*

Mundhir ni mtoto wa marehemu Mzee Thuwein. Na hapo ndipo kwenye kisa chote.

Thuwein na Jaribu walikuwa watu wa pamoja tangu utotoni. Kwao Thuwein walikuwa na mashamba makubwa ya karafuu zamani, na baba yake Jaribu alikuwa mchumaji wa mashamba hayo hayo, lakini wao hawakulitazama hilo. Walichuma pamoja, wakaoa mwezi mmoja, na vilipokuja vyama wakakaa maskani moja, benchi moja. Halafu mwaka mmoja Thuwein akahama chama. Kwa nini alihama, mwenyewe hakusema, na watu hawakuuliza, walimwacha tu. Maskani walikaa wakakubaliana na kula yamini: asisalimiwe, duka lake lisinunuliwe, na akifa asizikwe nao.

Miaka michache tu, naye akafa. Siku ya mazishi yake jeneza lilipita njia kuu limebebwa na watu tisa, wanapokezana mpaka wanahema, Mundhir mbele. Mtambile, pahala ambapo mazishi hujaza njia mpaka magari yanasimama! Mzee Jaribu siku hiyo alikuwa shambani kwake, chini ya mikarafuu, kawapa mgongo.

Lakini Ijumaa ya pili yake Moza aliondoka alfajiri kwenda kuteka maji, akamwona baba yake mbele yake, koti la mvua mabegani, hashiki njia ya msikitini. Akamfuata na ndoo yake. Akamwona kakaa chini kwenye kaburi jipya, karibu na mzambarau, midomo inacheza. Moza akarudi kimya. Ijumaa iliyofuata baba yake akatoka tena, na iliyofuata. Moza hakumwambia mtu, hata mama yake.

Halafu akaja Mundhir na mapenzi yake.

Mundhir ana duka dogo Chake Chake, anachapia watu barua na kupiga picha za paspoti, na katika kompyuta moja ya duka hilo akafungua blogu yake, akaiita Kibarazani kwa Mundhir. Kila anachoandika humo alikichapa akampelekea Moza. Moza alisoma mpaka darasa la saba tu, na akisoma hupitisha kidole, lakini hakuna aliyezisoma karatasi zile kwa utulivu kama yeye. Ya kwanza ilianza: *Sijui nitaandika nini humu, lakini nimeshafungua.* Nyengine ilikuwa juu ya ulimi: alivyochekwa skuli ya Unguja kwa kusema "weye" na "hino", akajifunza kubadili maneno kila akishuka bandarini, na sasa akikaa kuandika hajui atumie ulimi upi, wa nyumbani au wa mwalimu. Nyengine ya siasa, fupi: *Nimechoka kuulizwa mimi wa upande gani kabla sijaulizwa nimeamkaje.* Na moja ya kuchekesha, juu ya kublogu kwenyewe, kwamba ana wasomaji kumi na mmoja, na wanne katika hao ni yeye mwenyewe kwa kompyuta tofauti.

Chini ya hiyo aliongeza kwa kalamu: *Wa kumi na mbili ni weye. Nakuandikia weye tu, hao wengine wanapita.*

Moza akampenda hapo. Kabla ya hapo alikuwa akimwangalia tu.

Lakini mama yake Mundhir, Bi Hind, aliapa. Mwanawe ataoa popote, ila si nyumba ya mtu aliyempa mumewe mgongo siku ya kuzikwa. Miezi sita Mundhir alibembeleza, akakonda. Siku moja wakakutana mlangoni kwa Maha, dada yake Mundhir, na macho ya Mundhir yalikuwa mekundu, na Moza hakuweza kuyatazama mpaka mwisho. Akamwambia ile siri. "Mwambie mama yako peke yake," akasema. "Peke yake, Mundhir. Ikitoka hapo imeniua."

Bi Hind alipoambiwa alilia siku nzima, halafu akavaa buibui akaja mwenyewe kwa Bi Asya. Posa ikaletwa. Na Mzee Jaribu akaikubali upesi, upesi kuliko ada, mpaka watu wakasema.

Hiyo ndiyo siri iliyokwenda blogu.

*

"Asalaam aleikum. Hodi wenyewe."

Moza aliijua sauti kabla hajageuka. Mkono ukasimama juu ya karafuu.

Mundhir alikuwa kwenye upenu wa ua, kofia mkononi, shati limelowa jasho mgongoni. Bi Mwanapili, aliyekwishainua kapu lake aende zake, akalitua tena.

"Waaleikumu salaam, bwana harusi," akasema. "Karibu, karibu! Tulikuwa tunakutaja kwa heri."

Bi Asya akatoka jikoni, nazi moja mkononi na mbuzi ya kukunia kwapani. Akamtazama kijana, akamtazama binti yake, akamtazama jirani yake.

"Mwanapili," akasema, "muhogo wako utaota."

"Unasemaje, bibi we?"

"Jua kali, utaota ndani ya kapu. Kapike."

Bi Mwanapili akaondoka, pole pole sana, akisimama kila hatua kukiweka sawa kiatu. Bi Asya akamwonesha Mundhir kigoda, mbali na jamvi, halafu akarudi mlangoni mwa jiko, akaikalia mbuzi yake, akawapa mgongo, akaanza kukuna nazi. Ile sauti ya kukuna ndiyo ilikuwa ruhusa yake. Ikisita, wote wawili walijua kuwa anasikiliza.

Mundhir akakaa.

"Umenuna," akasema.

"Sijanuna."

"Nitazame basi."

"Nachambua karafuu."

"Moza."

Akamtazama. Aliazimia kumtazama kwa hasira, lakini yule mtu alikuwa kachoka vile vile kama yeye, macho yameingia ndani, ndevu hazikunyolewa, na ile hasira aliyoiweka tayari siku mbili ikakosa pa kushika. Hilo nalo likamuudhi.

"Sikutaja jina," Mundhir akasema.

"Hukutaja jina. Umetaja mzambarau. Umetaja koti la mvua. Umetaja mguu wa kushoto unaochechemea. Pemba hino, Mundhir, jina la nini?"

"Niliona watu watakaosoma wako mbali. Nilikuwa na wasomaji kumi na mmoja, Moza. Kumi na mmoja!"

"Mmoja wao ana nduguye hapa Mtambile."

"Sikujua kama mtu ataichapa."

"Weye si unazichapa kila siku unaniletea mie? Ulidhani wengine hawana karatasi?"

Mundhir akaizungusha kofia mkononi. Nazi ikakunwa.

"Niliandika kwa mapenzi," akasema taratibu. "Wallahi. Nilikaa dukani, umeme umekatika, nikawa nafikiri habari za baba, na wale watu tisa. Nikasema, kumbe alikuwapo wa kumi. Nikataka kumshukuru. Usoni siwezi, yeye mwenyewe hajui kama najua. Umeme uliporudi nikaandika, haikufika hata nusu saa."

"Najua uliandika kwa mapenzi. Nimeisoma. Ndo maana nashindwa hata kukuchukia vizuri."

"Imepitishwa huku na huku, watu thalathini wameniandikia. Yupo mmoja yuko Toronto, kasema aliposoma kampigia simu nduguye, miaka tisa hawasemezani kwa ajili ya vyama. Walilia kwenye simu wote wawili. Hilo si jambo?"

"Ni jambo," Moza akasema. "Huyo wa Toronto kapata nduguye. Baba kapoteza kaburi."

Nazi ikasita.

"Kapoteza vipi?"

Moza alikisukuma kirundo cha vikonyo pembeni. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina ugomvi, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Leo Ijumaa. Alfajiri nilimsikia kaamka. Akatia udhu. Akavaa koti. Akafika mlangoni, mkono uko kwenye komeo, akasimama hapo. Nilihesabu pumzi zangu. Halafu akarudi akakaa kitandani na koti lake mpaka jua likatoka. Mwaka na miezi miwili, Mundhir, hajakosa Ijumaa hata moja. Alikuwa na mafua yale makali, hawezi kumeza mate, akaenda. Leo hakwenda. Anaona njia nzima ina macho."

Mundhir akainama, kichwa mikononi.

"Alikuwa na pahala pamoja tu duniani pa kuwa vile alivyo," Moza akasema. "Mie nilikupa hapo ili unipate. Weye ukaigawia dunia nzima."

"Nitaifuta. Nakwenda Chake sasa hivi nikaifute."

"Kaifute vinywani kwanza."

"Basi nifanye nini? Nambie. Nimechoka, Moza. Nilidhani nikiwa na pahala pa kuandika nitapumzika. Naandika juu ya lugha, wananiuliza wa chama gani. Naandika juu ya umeme, wa chama gani. Naandika kuwa nimechoka kuulizwa, wananiuliza nimechoka kwa niaba ya nani. Siku moja tu nimeandika kitu cha moyoni, na hicho ndicho kimevunja nyumba ya watu."

Machozi yalimjaa Moza, akayaacha hapo hapo yalipo. Alitaka kuunyoosha mkono tu, si mbali, hatua mbili, aweke kidole pale mgongoni shati lilipolowa. Mama yake alikuwa ameanza kukuna tena, kwa nguvu kidogo. Moza akachukua karafuu nyengine.

"Anairudisha posa," akasema. "Ami Matano anakuja sasa hivi kuichukua."

*

Mzee Jaribu aliingia kwa mlango wa nyuma, anatoka msikitini, tasbihi bado mkononi. Mguu wake wa kushoto ulisikika kabla yake. Mundhir akasimama mara moja, akaenda kumpa mkono, na mzee akaupokea. Hakuuvuta, wala hakuukumbatia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Kaa kitako."

Wote wakakaa. Bi Asya akaiacha nazi, hakujifanya tena. Mzee alikaa ukingoni mwa jamvi, akachukua kiganja cha karafuu zilizochambuliwa, akazinusa, akazirudisha.

"Hiyo karatasi unayo?"

Mundhir akadhani hakusikia vizuri. "Karatasi, mzee?"

"Uliyoandika. Jumatano niliondoka kabla haijesha. Nisomee."

Mundhir akamtazama Moza. Moza akaangalia chini. Mundhir akaitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti.

"'Kila Ijumaa,'" akasoma, "'kabla ya nuru kutamalaki, mzee mmoja huelekea makaburini kwa hatua za unyonge...'"

"Nani kasema 'kutamalaki'?"

"Mie, mzee. Ndo Kiswahili cha kuandikia."

"Baba yako angekucheka mpaka akapaliwa. Endelea."

"'Hapo huketi, akamsomea Yasini rafiki yake, yule ambaye siku ya maziko hakumzika. Wenzake hawajui. Na sisi tuliobaki tunajiuliza: ikiwa huyu mmoja moyo wake uko hivi, ni wangapi wengine...'"

"Hapo umekosea."

Mundhir akaishusha karatasi.

"Yasini simsomei," Mzee Jaribu akasema. "Yasini anamsomea mama yako nyumbani, najua. Mie nakwenda kumpa habari. Thuwein alikuwa mtu wa habari, hawezi kulala hajajua nani kaposa wapi na nani kafarakana na nani. Miaka ile ya mwisho watu hawamsemeshi, akawa hajui kitu. Nilikuwa nampita pale dukani kwake nikimwona anavyotazama, anangoja mtu amwambie japo mvua imenyesha wapi. Na mie nampita." Tasbihi ikazunguka punje mbili. "Basi sasa nakwenda kumwambia. Nimemwambia karafuu mwaka huu zimezaa. Nimemwambia mwanawe kaja kuposa kwangu, na mie nimekubali. Siku hiyo nilikaa sana."

Bi Asya alikuwa kashika kanga yake mdomoni. Miaka thelathini ya ndoa, na haya alikuwa akiyasikia leo.

"Nani alikwambia?" mzee akauliza.

Mundhir hakusita. "Niliona mwenyewe, mzee. Nilipita njia ile."

"Ijumaa gani?"

"Ijumaa... ya mwezi wa Shaabani."

"Ijumaa alfajiri weye huwa Chake umelala. Duka lako linafunguliwa saa tatu na bado unapiga miayo. Kila mtu anajua."

"Baba," Moza akasema. "Ni mie. Nilikuona nikienda kuteka maji. Nilimwambia mie."

"Najua ni weye. Siku mbili nangoja useme."

Alisema bila ukali, na Moza akaona afadhali angepigwa. Kumbe ile kimya yote haikuwa adhabu. Baba yake alikuwa kamwachia mlango wazi, naye kakaa nje siku mbili, anachambua karafuu.

"Nisamehe, Baba. Bi Hind alikuwa hataki. Sikuwa na jengine la kumpa."

Mzee hakujibu hilo. Akajikuna ugoko wa mguu wake mbovu.

"Jumapili wanataka nisimame maskani," akasema, kama anamweleza mtu asiyekuwapo. "Niseme ni uongo, kijana katunga. Nikisema ni uongo, nimempa Thuwein mgongo mara ya pili, na safari hii hata kuhama hakuhama, kalala tu. Nikinyamaza, basi na mie ndo yale yale. Sitasalimiwa. Na nikifa nitabebwa na watu tisa. Sasa nikirudisha posa, hawataniuliza kitu. Watasema, ah, Jaribu kachukia, basi yule mtoto ni muongo. Sitafungua mdomo. Mie nimeshakuwa mtu mzima, sina nguvu za kuanza kutengwa."

"Mzee wangu," Mundhir akasema, "ukifa weye, jeneza lako nitalishika mie. Watakuwa kumi."

Mzee Jaribu akageuka akamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Unaniombea nife kabla ya harusi?"

Bi Asya akakohoa. Neno lile lilikuwa limeshatoka, harusi, na kila mtu uani pale alilisikia, hata aliyelisema. Uso wa mzee ukajifunga haraka kama wa mtu aliyefungua mlango usio wake.

Moza akaondoka pale alipokaa. Hakusimama, alikwenda kwa magoti juu ya jamvi, karafuu zikimchoma, mpaka akafika mbele ya baba yake. Akaweka mikono juu ya mguu ule wa kushoto.

"Baba. Sitaki uende maskani ukagombane na watu. Sitaki uuseme ukweli wala uongo. Mie nimekosa, na Mundhir kakosa, utuadhibu upendavyo, tutangoja mwaka, tutangoja miwili. Lakini usiirudishe. Ukiirudisha leo, Ijumaa ijayo utamwambia nini Mzee Thuwein?"

Tasbihi ikasimama.

"Ami Matano akija, mwambie arudi kwake. Nakuomba, Baba. Neno moja tu. Mwambie arudi."

"Hodi!"

Sauti ya Ami Matano, upande wa mbele wa nyumba. Mtu wa adabu, hata kwa kaka yake haingii bila kuitikiwa. Atapiga hodi tatu, na ya tatu isipojibiwa atageuka aende zake, kwa kuwa ndivyo walivyofunzwa wote chuo cha Kurani na ndivyo anavyofanya kila siku.

Bi Asya akamwangalia mumewe. Kuitikia ni kazi yake yeye mwanamke wa nyumba, na "karibu" ilikuwa imeshamfika kwenye ulimi, akaizuia. Mundhir ni mgeni, nyumba ya mtu hawezi kuitikia. Moza hakuondoa mikono.

"Baba?"

Mzee Jaribu alikuwa akiangalia juu ya kichwa chake, kule ukutani, kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali.

"Hodi!" ikaja ya pili. Halafu kikohozi, na ndara zikijivuta kizingitini.

Hakuna aliyeitikia; ilibaki hodi moja. Moza akautazama mdomo wa baba yake, akangoja.